Ungebadilisha nini kwanza kwenye hoki ya barafuni: sheria au vifaa?

#1 Mzee_wa_Lugogo
Wakuu, habari za usiku. Nina hoja moja, nibishieni. NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, imekuwa ikichezea sheria tangu ule msimu wa 2004-05 uliofutwa wote baada ya wamiliki wa timu kuwafungia wachezaji nje, lakini donda lenyewe haijaligusa. Goli ni lile lile la futi 6 kwa 4, yaani mita 1.83 kwa 1.22, na kipa wa siku hizi ana mita 1.90 kwenda juu na amevaa godoro. Msimu wa 1981-82 mechi moja ilitoa wastani wa magoli 8. Kufika 2003-04 yamebaki 5 na chenji. Yamepanda tena kidogo, nakubali, ila bado unakesha mpaka saa 9 usiku mechi ianze, halafu unaangalia watu wanapiga paki (kile kisahani wanachokigombania) kwenye padi za kipa dakika 60.

Dawa: panua goli sentimita 10, linyanyue sentimita 5. Basi. Kwenye magongo yetu ya nyasi goli ni mita 3.66 kwa 2.14 na sijasikia mtu analia.

#2 Takwimu_Katwe
Mzee, tupige hesabu kabla hatujapiga kelele. Goli la sasa ni mita za mraba 2.23. La kwako ni 1.93 kwa 1.27, sawa na 2.45. Ongezeko ni karibu asilimia 10. Linaonekana dogo, lakini sivyo linavyofanya kazi. Tuseme kipa aliyejipanga vizuri anafunika asilimia 85. Nafasi iliyobaki wazi ni kama 0.33 ya mita ya mraba. Wewe unaongeza 0.22, na yote iko pembeni na juu, mahali ambapo mwili wa kipa haufiki. Umeongeza uwazi kwa theluthi mbili kwa mpigo mmoja. Hiyo si dawa ya kikohozi, ni upasuaji.

#3 Padi_na_Glovu
"Amevaa godoro." Mzee, hilo godoro limeshapimwa na kupunguzwa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Padi ya mguu ilikuwa inchi 12 upana, ikashushwa hadi 11 mwaka 2005. Ili ujue maana yake lazima ujue kipa anavyocheza leo. Anapiga magoti yote mawili kwa wakati mmoja, padi zinalala ubavu kwenye barafu, ncha za miguu zimeelekea nje. Kwa hiyo upana wa padi ndio unaogeuka kuwa KIMO cha ukuta. Inchi 11 ni sentimita 28. Kupunguza inchi moja kumeshusha ukuta sentimita 2.5 kuanzia mlingoti hadi mlingoti, karibu asilimia 2 ya goli zima. Paki ina unene wa inchi 1. Yaani walifungua mwanya wa unene wa paki moja iliyolala, hapo kwenye ukingo wa juu wa padi ambapo hakuna anayelenga kwa makusudi.

Kilichouma zaidi ni cha 2013: padi inaruhusiwa kupanda juu ya goti asilimia 45 tu ya umbali wa goti hadi nyonga, zamani ilikuwa 55. Kipande kile cha juu ndicho kilikuwa kinaziba mwanya wa katikati ya mapaja kipa akipiga magoti. Kikipungua, magoti yasipokutana haraka paki inapita chini. Baadaye wakapunguza suruali, na 2018 kinga ya kifua na mabega ikaletwa ifuate umbo la mwili. Makipa wakaanza kulalamika michubuko ya mkono na bega. Mkikata tena, mtakuwa mnakata kinga, si ukubwa.

#4 Kasese_Baridi
Banange, watu wa Kampala wanagombania barafu! Barafu ya nchi hii iko Rwenzori, na inayeyuka kila mwaka. Njooni mcheze mapema.

#5 Afande_Bombo
Mzee #1, unatibu dalili. Historia inaonyesha sheria moja tu inaweza kufanya kile ambacho mbao na padi haziwezi.

Msimu wa 1928-29 George Hainsworth wa Montreal alimaliza mechi 22 kati ya 44 bila kufungwa. Hakuwa na godoro, padi zilikuwa ngozi iliyojazwa manyoya ya mnyama. Sababu ilikuwa sheria: ukiwa eneo la kushambulia hukuruhusiwa kupiga pasi ya mbele. Msimu uliofuata wakairuhusu, magoli yakafurika hadi wakashtuka, kwa sababu washambuliaji walikwenda kujipanga mbele ya kipa kabla paki haijafika. Desemba 1929, katikati ya msimu, wakaweka sheria ya kuotea: hutangulii paki kuvuka mstari wa buluu, unapoanzia eneo la kushambulia. Sheria hiyo ipo mpaka leo.

Goli halikuguswa hata sentimita.

#6 Takwimu_Katwe
Afande, hapo umenena. Na 2005 ilikuwa hivyo hivyo: waliondoa kizuizi cha pasi inayovuka mistari miwili, wakasogeza mistari ya goli kuelekea ukuta wa nyuma kutoka futi 13 hadi 11, na marefa wakaambiwa wamfungie (akae benchi la adhabu dakika 2, timu yake ibaki pungufu) kila anayeshika au kukwamisha kwa gongo. Magoli yalipanda kwa karibu goli zima kwa mechi. Shida ni kwamba walibadilisha mambo mengi siku moja, padi zikiwemo. Nani ajue dawa ipi ilimponya mgonjwa?

#7 Fundi_Vyuma_Jinja
Mmeruka gongo kabisa, na ndicho kifaa kilichobadilika kuliko vyote.

Gongo la mbao lilikuwa zito na lilijikunja likiwa na uvivu. La nyuzi za kaboni ni bomba tupu. Namba iliyoandikwa kwenye mpini, mfano 85, maana yake inahitaji ratili 85 za nguvu kuupinda inchi 1. Kawaida mchezaji anachagua namba iliyo karibu na nusu ya uzito wake kwa ratili. Angalieni mkwaju wenyewe: gongo linagonga barafu sentimita chache NYUMA ya paki, si kwenye paki. Mpini unapinda, unahifadhi nguvu, halafu unafyatuka wakati ubapa unapita kwenye paki. Ndiyo maana Zdeno Chara alifikisha maili 108.8 kwa saa mwaka 2012, kama kilomita 175. Kutoka mstari wa buluu hadi goli ni futi 64, mita 19.5. Shuti la kilomita 160 kwa saa linafika chini ya nusu sekunde.

Kosa la wengi: wananunua 85, wanakata inchi 2 juu ili limfae mtu mfupi, halafu wanashangaa limekuwa gumu kama mtaimbo. Ukikata mpini unaongeza ugumu. Anayekata lazima aanzie namba ya chini.

Ubaya wa kaboni: haikuonyi. Mbao inapasuka unaiona. Kaboni ikipigwa kofi la gongo la mpinzani karibu na ubapa, nyuzi za ndani zinakatika kimya, kisha inavunjika vipande viwili siku ile mchezaji ana goli wazi. Na sheria iko wazi: gongo likivunjika liachie palepale, ukicheza nalo dakika 2 benchi.

Rudisheni mbao, kama besiboli ya kulipwa ya Marekani inavyokataa alumini. Kasi ikipungua, wachezaji hawataogopa kuzuia wala kipa hatadai godoro.

#8 Padi_na_Glovu
Fundi nakuheshimu, lakini unataka magoli yaongezeke kwa kupunguza kasi ya shuti?

#9 Fundi_Vyuma_Jinja
Sikusema magoli. Mzee ndiye anataka magoli. Mimi nataka mchezo.

#10 Mzee_wa_Lugogo
😂 Haya. Lakini kwenye mbao ubapa ulikuwa unapindwa kwa mvuke, kila mtu na lake. Si kuna kikomo cha nusu inchi?

#11 Afande_Bombo
Kilikuwa nusu inchi, Mzee. Tangu 2006 ni robo tatu ya inchi, milimita 19. Wanapima kwa kuchora mstari mnyoofu kutoka kisigino cha ubapa hadi ncha, halafu wanaangalia pale palipozama zaidi.

Kesi maarufu ni fainali ya 1993, mechi ya pili. Los Angeles wanaongoza 2-1 zimebaki chini ya dakika 2, kocha wa Montreal anaomba gongo la Marty McSorley lipimwe. Likazidi. Akafungiwa, Éric Desjardins akasawazisha, kisha akafunga tena dakika za nyongeza, lake la tatu usiku ule. Ombi la kupima ni kamari: gongo likikutwa halali, timu iliyoomba ndiyo inayofungiwa.

#12 Busia_Mpakani
Na uwanja je? NHL wana mita 61 kwa 26. Ulaya walizoea 60 kwa 30. Wapeni nafasi watu wakimbie.

(Na kwa mzee wa Kasese: majirani hapa ng'ambo hawakungoja mlima. Kenya Ice Lions walianzia kwenye kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari pale Nairobi, na Septemba 2024 Kenya ikapokelewa IIHF, shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni, kama mwanachama mshiriki. Sisi tuna uzi.)

#13 Takwimu_Katwe
Busia, hilo la upana linadanganya macho. Ile mita 4 inaingia wapi? Mita 2 kila upande, kando ya ukuta. Goli linabaki katikati. Beki anakuachia pembeni kwa raha zake, zunguka unavyotaka, kwa sababu ukipiga kutoka pale kipa anakuona wote na pembe imeshakufa. Uwanja mwembamba unalazimisha mapambano karibu na goli. Wafini wenyewe walivipunguza vingi hadi kama mita 28.

#14 Busia_Mpakani
Kwa uwanja mpana unawalaumu mabeki. Weka wanne kwa wanne badala ya watano muda wote basi, nafasi ipatikane katikati.

#15 Bint_Arua
Machapisho 14, magoli magoli magoli. Kuna mtu atataja shingo?

Oktoba 2023 mchezaji Adam Johnson alikufa baada ya kukatwa shingo na kiatu cha barafu uwanjani Sheffield. Kabla yake Clint Malarchuk, kipa, Machi 1989, alinusurika. Erik Karlsson alikatwa kano ya kisigino 2013, Evander Kane kifundo cha mkono 2022. Huhitaji kuwa daktari kuona mpangilio: shingo, kifundo cha mkono, nyuma ya kisigino. Ni mahali penye mishipa au kano karibu na ngozi, na ndipo vifaa vinapoachana: kofia inaishia juu, kinga ya bega inaanzia chini, glovu inaishia, kiwiko hakijaanza, soksi inateleza kwenye kiatu.

Kinga ziko za aina mbili. Kola ya kufunga nyuma, na fulana yenye shingo ndefu iliyoshonewa kitambaa cha aramidi au poliethilini ngumu. Kola ni rahisi kuvaa lakini inapanda na kushuka, inaacha mwanya juu ya mfupa wa kifua. Fulana haiachi mwanya ila inashika joto, na ukinunua kubwa shingo inalegea inakuwa pambo. Zote mbili zinapunguza mkato. Hakuna inayouzuia kabisa, msidanganywe na lebo.

#16 Kasese_Baridi
Nnyabo, wachezaji watafanya kama bodaboda wa hapa: helmeti ipo, imening'inia kwenye usukani.

#17 Bint_Arua
Ndiyo maana njia inayofanya kazi ni moja, ile ya kuwaacha wakongwe wastaafu nayo. Helmeti ililazimishwa 1979 kwa wachezaji wapya tu. Wa mwisho kucheza kichwa wazi, Craig MacTavish, akaondoka 1997. Kioo cha macho hivyo hivyo 2013: mwenye mechi chini ya 26 lazima avae, wengine hiari. Kinga ya shingo NHL wanaiingiza kwa mlango huo huo, wapya kuanzia msimu wa 2026-27. IIHF wao waliamuru wote kwa pamoja.

#18 Padi_na_Glovu
Dada, nakuunga, lakini kuna upande wa pili. Kinga zikizidi watu wanajiona vyuma. Mabega ya plastiki ngumu yalipokuja, kumbo likageuka silaha. Mpaka 2010 wakatunga sheria ya kumbo la kichwani, baada ya Marc Savard kupigwa asijue limetoka wapi.

#19 Bint_Arua
Hiyo ni hoja dhidi ya plastiki ngumu ya nje, si dhidi ya kitambaa cha shingo. Hakuna anayempiga mtu kumbo kwa kola.

#20 Fundi_Vyuma_Jinja
Dada yuko sahihi. Na mfano mzuri ni kioo cha ukutani. Vile vioo vigumu visivyo na maungio vilikuwa vinapendeza kwenye televisheni, lakini havinepi. Kumbo lote linarudi kwenye bega la mtu. Baada ya Max Pacioretty kugongeshwa kwenye nguzo ya kioo Machi 2011, NHL ikaagiza plastiki inayonepa na kioo kilichopindwa pale mwisho wa benchi. Hapo hukumwomba mchezaji avae chochote. Umebadilisha ukuta.

#21 Afande_Bombo
Turudi kwenye mada. Mnajua kwa nini dakika 10 za mwisho za mechi iliyo sare zinalala? Pointi. Mechi ikiisha ndani ya dakika 60 inatoa pointi 2 jumla. Ikienda nyongeza inatoa 3, kwa kuwa aliyeshindwa naye anapewa 1. Makocha si wajinga. Ikiwa sare dakika ya 52, wote wawili wanafunga duka.

IIHF na ligi ya wanawake PWHL wanatoa 3 kwa ushindi wa kawaida, 2 kwa wa nyongeza, 1 kwa aliyeshindwa nyongeza. Kila mechi ina pointi 3, hakuna za bure. Hata mpira wa miguu ulihamia 3 kwa ushindi, Uingereza wakianza 1981.

#22 Takwimu_Katwe
Na nyongeza yenyewe imeharibika. Watatu kwa watatu walipoanza 2015 ilikuwa vita ya dakika 5. Sasa timu ikiona njia imefungwa inarudi na paki hadi goli lake, inabadilisha wachezaji mmoja mmoja, inaanza upya. Anayemiliki hana haraka kwa sababu paki ndiyo kila kitu. Tiba iko kwenye mpira wa kikapu: ukishavuka mstari wa kati hurudi.

#23 Busia_Mpakani
Refa atashughulika na mstari mwingine tena? Wameshindwa na wa buluu. Tangu 2017 kocha akipinga goli kwa kuotea akakosea, timu yake inafungiwa dakika 2. Ilibidi 2020 waseme kiatu kikiwa hewani juu ya mstari kinatosha, si lazima kiguse barafu, maana watu walikuwa wanafuta magoli mazuri kwa sababu ya kisigino kilichonyanyuka upana wa kidole.

#24 Mzee_wa_Lugogo
Magongo ya nyasi yaliondoa kuotea kabisa miaka ya 1990. Dunia haikuisha. Pale uwanja wa Lugogo, Kampala, mshambuliaji anasimama anapotaka.

#25 Padi_na_Glovu
Mzee, barafuni mtu anateleza kilomita 30 na zaidi kwa saa. Ondoa kuotea, mmoja anapiga kambi mbele ya kipa, beki mmoja anabaki kumlinda, na katikati inakuwa jangwa la pasi ndefu. Utapata magoli, ila hutapata hoki.

#26 Afande_Bombo
Kama ni magoli tu, nakili PWHL. Timu iliyopungukiwa mtu ikifunga, aliyefungiwa anatoka benchi papo hapo. Matokeo yake waliopungukiwa hawakai kuondoa paki tu, wanashambulia.

Au rudisha ya zamani. Kabla ya 1956 mtu alikaa dakika 2 zote hata wapinzani wakifunga mara ngapi. Ilibadilishwa kwa sababu Montreal walikuwa wakatili: Novemba 1955 Jean Béliveau alifunga matatu ndani ya sekunde 44 dhidi ya Boston. Wakaamua goli moja linatosha, atoke.

#27 Takwimu_Katwe
Kale, hiyo naipenda kuliko goli la Mzee. Haigharimu shilingi. Ila marefa wanajua uzito wa adhabu: ikiwa dakika 2 zinaweza kuleta magoli matatu, filimbi itamezwa. Tutarudi 2003, watu wanashikwa jezi na hakuna anayeona.

#28 Fundi_Vyuma_Jinja
Kuhusu gharama: Mzee, umefikiria kazi ya kulipanua hilo goli? Milingoti inashikwa na vigingi vya plastiki inayonepa, vimeingia kwenye mashimo. Zamani mambo yalikuwa hatari zaidi. Desemba 1980 Mark Howe aliteleza akachomwa na chuma cha kati cha fremu ya goli, wakabadilisha muundo. Barafu yenyewe ni sentimita 3 hivi, kwa hiyo shimo linapita barafu na kuingia sakafuni. Ndani ya zege hiyo kuna mabomba ya kupozea, yamelala karibu karibu. Unahamisha mashimo sentimita 5 kila upande kwenye viwanja 32. Ukikosea kidogo umetoboa bomba, maji ya chumvi yanapanda, barafu inalainika mbele ya goli, na uwanja unayeyushwa wote.

Halafu nusu duara ya buluu ya kipa ina futi 1 nje ya kila mlingoti, nayo ifutwe ichorwe upya. Rangi haipakwi juu, inapakwa kwenye tabaka la chini kisha maji yanamwagwa kidogo kidogo mpaka unene utimie. Ni kazi ya kiangazi, si ya Jumatatu asubuhi.

#29 Mzee_wa_Lugogo
Sawa fundi. Mashimo yabaki palepale. Nipeni zile sentimita 5 za juu tu, mlingoti hauhitaji shimo jipya kwenda juu.

#30 Padi_na_Glovu
Juu ndipo bega lilipo, Mzee. Bega mlilolipunguza 2018.

#31 Kasese_Baridi
Nani ana ratiba ya leo usiku? Saa 9 au saa 11?